Kuiaga kompaila kuukuu bila kuwatupa watu

Tarehe 30 Juni 2024 CentOS 7 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa. Ndani ya mfumo huo mlikuwa na GCC 4.8, kompaila ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Machi 2013, na kwa karibu miaka kumi watunzaji wengi wa programu huria waliendelea kuibeba kwa sababu ya CentOS 7 na ndugu yake RHEL 7. Mfumo umekwenda, lakini ukipekua nyaraka za miradi mingi bado utakuta mstari uleule: inahitajika GCC 4.8 au zaidi. Mara nyingi mstari huo si kweli tena. Aliyeuandika alishaondoka kwenye mradi, hakuna kompyuta inayoujaribu, na msimbo ulishabadilika ukauacha nyuma.

Makala haya nayaandika kwa ajili yako unayetunza maktaba au programu huria ya C au C++, peke yako au na wenzako wachache, na sasa umefika mahali pa kuamua. Labda mchangiaji amekuletea badiliko zuri ambalo kompaila ya zamani hailielewi. Labda umechoka tu kuzunguka kasoro zake. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: mtumiaji akiambiwa mapema kwamba kompaila yake haitahudumiwa tena, atajipanga. Anayeumia ni yule anayeendelea kuahidiwa huduma ambayo haipo. Ahadi ni deni, na mstari ule kwenye README ni ahadi.

Hata kerneli ya Linux imepita njia hii. Kwa miaka mingi nyaraka zake zilisema GCC 3.2 inatosha, kompaila ya mwaka 2002. Katika toleo la 4.19, mwaka 2018, kiwango cha chini kilipandishwa hadi 4.6, na maelezo ya badiliko hilo yalisema wazi kwamba kwenye aina kadhaa za vichakataji kerneli ilikuwa haijengeki vizuri kwa kompaila za zamani. Yaani huduma ilikwisha kufa kabla ya tangazo. Mtu aliyeziamini nyaraka angeweza kupoteza siku nzima akidhani kosa ni lake.

Kwa hiyo, kabla hujajadiliana na mtu yeyote, pima ahadi yako. Chukua kontena lenye kompaila ya chini kabisa unayodai kuihudumia, jenga programu yako humo kuanzia mwanzo, kisha endesha majaribio yote. Usiishie kwenye kukompaili. Ikishindikana, tazama kwenye historia ya msimbo ni lini ilianza kushindikana. Ukikuta ni miezi mingi iliyopita na hakuna aliyelalamika, umepata ushahidi mkubwa kuliko mjadala wowote. Hapo kilichobaki ni kurekebisha nyaraka ziseme ukweli.

Ikifaulu, kazi ndiyo inaanza, maana sasa unapaswa kujua huduma hiyo inakugharimu nini. Wengi hutaja gharama ndogo: msimbo usiopendeza, makro za kuzungukia kasoro, kutoweza kutumia sintaksia mpya. Hizo zipo, lakini kama ni hizo tu, sidhani zinatosha kumwondoa mtu. Gharama nzito ni kwamba kompaila ya zamani inaweza kukuharibia kazi iliyo sahihi.

Mwanzoni mwa 2021 wahandisi wa kerneli walifikia mwisho wa uchunguzi mmoja mgumu. Kwenye kompyuta zenye vichakataji vya arm64, mfumo wa faili wa ext4 ulikuwa ukiripoti kwamba namba za uhakiki hazilingani na data. Kosa lilikuja kwa nadra, likapotea, likarudi. Kosa la namna hiyo likionekana kwenye mfumo wa faili, mshukiwa wa kwanza ni diski, wa pili ni kumbukumbu, wa tatu ni aliyeandika ext4. Chanzo kilikuwa kompaila. GCC kuanzia 4.9 hadi kabla ya 5.1 iliweza kuzipanga amri za kichakataji vibaya mwishoni mwa fanksheni: kielekezi cha steki kilirudishwa mahali pake kwanza, kisha data iliyokuwa bado imelala pale kwenye steki ikasomwa baadaye. Katika upenyo huo mdogo, likitokea katizo, kerneli huandika mambo yake juu ya eneo lilelile, na fanksheni ikirudi kusoma inakuta takataka. Ungeusoma msimbo wa C mwaka mzima usingeona kosa, kwa kuwa kosa halikuwamo.

Tiba yake haikuwa kiraka ndani ya ext4. Kerneli ilikataa kujengwa kwa GCC iliyo chini ya 5.1 kwenye arm64, na mwaka huohuo, katika toleo la 5.15, kiwango hicho kikawa cha vichakataji vyote. Nimelikalia jambo hili kwa makusudi. Mtumiaji anapokuambia, "Kompaila yangu ya zamani inafanya kazi vizuri, kwa nini mnanilazimisha?", hajui kasoro zilizorekebishwa katika matoleo yaliyofuata ambazo yeye bado anaishi nazo. Wewe mtunzaji ndiye unayepokea ripoti zake na kuzitafuta ndani ya msimbo wako usiku na mchana.

Upo mfano mwingine wa karibu zaidi na waandishi wa C++. GCC 4.8 ilikuja na faili la kichwa la regex la C++11. Ulilijumuisha, ukakompaili, hakuna onyo. Lakini maktaba iliyokuwa nyuma yake haikuwa imekamilika; ilikamilika katika 4.9. Programu ilijengwa salama, ikaanguka ikiwa mikononi mwa mtumiaji. Ndiyo maana nimesisitiza majaribio yaendeshwe hadi mwisho.

Sasa geuza upande wa pili wa mizani, kwa haki. Kuna miradi ambayo kubaki na ya zamani ndiyo uamuzi sahihi. curl, mradi wa Daniel Stenberg, bado unaandikwa kwa C89, kiwango cha mwaka 1989, kwa hiari. Maktaba yake imo ndani ya simu, magari, televisheni na vifaa visivyohesabika, na vingine hujengwa kwa kompaila ambazo wewe na mimi hatutaziona. Watunzaji wake wanajua thamani ya kufika kila mahali, na wanailipia kwa majaribio mengi yanayoendeshwa kwenye kila badiliko. Kama mradi wako unaishi kwenye vifaa vya namna hiyo, na mna nguvu ya kuupima, endeleeni. Ninachokataa ni kubaki na ya zamani kwa woga wa kuulizwa.

Ukishaamua kuangalia mbele, usianze na namba ya kompaila. Mtumiaji huwa hachagui kompaila. Huipata ndani ya mfumo aliopewa na chuo, ofisi au hospitali anayofanyia kazi. Swali lako liwe: mifumo gani bado inahudumiwa, na imebeba kompaila ipi? Ubuntu 18.04 ilikuja na GCC 7. Debian 10 na RHEL 8 zina GCC 8. Ubuntu 20.04 ina 9, Debian 11 ina 10, Ubuntu 22.04 na RHEL 9 zina 11, Debian 12 ina 12. Ukizipanga hivyo utaona kwamba namba hazina uzito sawa. Kutoka 7 kwenda 8 unaiacha Ubuntu 18.04, ambayo huduma yake ya kawaida ilikwisha 2023. Kutoka 8 kwenda 9 unagusa RHEL 8, mfumo utakaohudumiwa hadi Mei 2029. Ni hatua moja tu kwa namba, lakini watu walio nyuma yake ni wengi mno. Kerneli ilipopandisha kiwango tena mwaka 2025, katika toleo la 6.16, ilitoka 5.1 ikaenda moja kwa moja hadi 8, ikaishia hapo.

Kuna watu wanaobaki nyuma kwa sababu ambazo hazihusiani na uvivu, na ni vyema uziulize kabla ya kuwahukumu. Mwaka 2007 GCC ilihamia leseni ya GPLv3. FreeBSD haikutaka leseni hiyo ndani ya mfumo wake wa msingi, ikabaki na GCC 4.2.1, toleo la mwisho chini ya GPLv2. Baadaye ikaifanya clang kuwa kompaila yake ya kawaida kwenye vichakataji vikuu, lakini 4.2.1 haikuondolewa kabisa hadi 2020. Kwa miaka hiyo yote, aliyekuletea ripoti kutoka kwenye mashine ya FreeBSD yenye kichakataji kisicho cha kawaida alikuwa na kompaila ya 2007, na hakuwa na la kufanya.

Tena, usichanganye kompaila na mfumo. Kuacha kuihudumia GCC 4.8 hakumaanishi kwamba programu yako haitaendeshwa tena kwenye mfumo uliokuja nayo. Red Hat ilitoa Developer Toolset kwa ajili ya RHEL 7, na CentOS 7 nayo ikaipata: GCC mpya zaidi inayokaa kando ya ile ya zamani bila kuigusa, na programu iliyojengwa nayo inaendelea kuendeshwa kwenye mfumo uleule, kwa sababu sehemu mpya za maktaba ya C++ huunganishwa ndani ya programu yenyewe. Mtumiaji wako huenda hajui kwamba njia hiyo ipo. Kumwonyesha ni nusu ya kazi. Andika amri zenyewe, kwa mpangilio, wala usimwambie tu "sasisha kompaila yako".

Nasisitiza hilo nikimfikiria msomaji wa Dodoma au Eldoret anayejifunza kwa kompyuta ndogo na bando la kununua. Kumwambia apakue Visual Studio nzima ni kumwambia atafute gigabaiti kadhaa. GCC ya Windows kupitia MinGW-w64 ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali, na kwenye Linux kompaila ya toleo la mbele mara nyingi ni kifurushi kimoja cha kuongeza. Mtunzaji anayeandika njia nyepesi zaidi kwenye tangazo lake amewafikiria watu ambao hawatamwandikia kumshukuru.

Kabla hujakata, hakikisha pia kwamba tatizo si swichi tu. GCC ya kabla ya 5 inaifahamu C99, lakini usipoiambia chochote inakisoma kila kitu kwa gnu89. Ukitangaza kigeu ndani ya mabano ya kitanzi cha for, inakataa. Ukiongeza swichi ya -std=gnu99, inakubali. Kuanzia GCC 5 kawaida yake ni gnu11 au kiwango kipya zaidi, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kuliona kosa hilo. Nimeona mijadala mirefu kuhusu kuiacha kompaila ambayo ingenyamazishwa kwa mstari mmoja kwenye faili la kujengea.

Sasa namna ya kuwauliza watumiaji. Ukiuliza kwa maneno, watajibu wachache wanaofuatilia mradi kila siku, na hao ndio wenye kompaila mpya. Watu wa Git walibuni mbinu ambayo naiona bora kuliko zote nilizozisoma. Wanapotaka kujua kama wanaweza kutumia kipengele kipya cha lugha, hawakisambazi kila mahali. Wanakiweka mahali pamoja tu, ndani ya faili ambalo ni lazima kila mtu alikompaili, kwa namna ambayo ikibidi kuondolewa ni mistari michache. Kisha wanatega sikio. Mwaka 2017 walifanya hivyo kwa vianzishi vyenye majina ya sehemu za struct, wakaviweka kwenye STRBUF_INIT, kitu kinachotumika kotekote ndani ya Git. Yeyote ambaye kompaila yake haikuelewa angelijua mara moja na angewaandikia. Kimya kilipodumu, ndipo wakaruhusu kipengele hicho kwingine.

Mwishoni mwa 2021 walitega sikio kwa C99 nzima. Walianza kuangalia __STDC_VERSION__ na, kompaila ikisema iko chini ya C99, ujenzi unasimama na ujumbe unaoeleza kwamba sharti hilo liko katika majaribio, ukimwelekeza mtu kwenye faili lenye maelezo. Wakati huohuo waliweka kitanzi kimoja cha for chenye kigeu ndani ya mabano, kwenye revision.c. Git 2.35 ilipotoka Januari 2022, C99 ikawa sharti. Angalia urefu wa safari hiyo: kiwango ni cha mwaka 1999, na mradi ulikisogelea hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na mahali pa kurudi. Mradi wako mdogo hauhitaji miaka mitano. Toleo moja au mawili yanatosha. Lakini mpangilio wenyewe uige ulivyo: sehemu moja, lazima ikompailiwe, rahisi kuondoa, na ujumbe unaosema pa kupeleka malalamiko.

Hapo tunafika kwenye tangazo, na hapa ndipo miradi mizuri imejikwaa. Februari 2021 maktaba ya Python iitwayo cryptography ilitoa toleo la 3.4, ambalo kwa mara ya kwanza lilihitaji kompaila ya Rust ili kujengwa. Waliotumia vifurushi vilivyojengwa tayari hawakuona tofauti. Waliokuwa kwenye Alpine Linux, mfumo unaopendwa sana ndani ya kontena, wakati huo hawakuwa na vifurushi hivyo; mashine zao zilijenga kila kitu upya kila siku, na asubuhi moja zikaanza kuomba kompaila ambayo hazijawahi kuwa nayo. Kulikuwa na hasira nyingi. Wengi walioathirika hawakuwa hata wakijua kwamba wanaitumia cryptography. Ilikuwa imeingia kupitia maktaba nyingine.

Miaka mitatu baadaye, Februari 2024, VS Code toleo la 1.86 liliacha kuzikubali seva zenye glibc ya chini ya 2.28. CentOS 7 ina 2.17 na Ubuntu 18.04 ina 2.27, kwa hiyo watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye seva za vyuo na ofisi walijikuta nje ya mlango baada ya kihariri chao kujisasisha chenyewe. Muda mfupi baadaye likatoka toleo la 1.86.1, likawaruhusu kuendelea kwa miezi 12 huku likiwaonyesha onyo.

Katika mikasa yote miwili, fundisho ninalolichukua ni hili: tangazo huwafikia wasomaji wa matangazo, na ujenzi unaoshindwa huwafikia wote. Basi mahali pako pa kuaminika pa kutangazia ni ndani ya ujenzi wenyewe. Katika toleo linalotangulia, weka onyo linalotokea mtu anapokompaili kwa kompaila itakayoachwa. Katika toleo lenyewe, simamisha ujenzi mwanzoni kabisa, kabla mtu hajamwagiwa mistari mia nne ya makosa ya sintaksia, na ujumbe wako useme mambo matatu: kinachohitajika, kilichopatikana, na njia ya kutokea. Kwa mfano: "Toleo la 3.0 linahitaji GCC 8 au zaidi. Umetumia GCC 4.8. Tumia tawi la 2.x, litakalorekebishwa hadi Desemba 2026, au soma INSTALL kuhusu kupata kompaila mpya." Mtu aliyepokea ujumbe huo saa nane usiku anajua afanye nini bila kumuuliza mtu.

Hapa kuna mtego ambao lazima nikuonye. Ukiandika sharti lako kwa kuangalia __GNUC__ peke yake, utawafukuza watumiaji wa clang. Clang hujitambulisha kuwa GCC 4.2.1 ili misimbo ya zamani iikubali, hata ikiwa ni clang ya mwaka huu. Angalia __clang__ kwanza, ipe clang kiwango chake, kisha ndipo uangalie GCC. Na inapowezekana, pima uwezo badala ya namba: CMake ina njia ya kudai kipengele fulani cha lugha, na Autoconf inaweza kukompaili kipande kidogo cha majaribio. Namba ya toleo ni dokezo tu, kwa kuwa distro nyingine huongeza viraka vyao wenyewe.

Wenzetu wa lugha nyingine wana urahisi ambao sisi wa C hatuna. Tangu Rust 1.56, Oktoba 2021, kila kifurushi kinaweza kutaja kwa uwanja wa rust-version kompaila ya chini inayohitajika. Python nayo ina tamko la namna hiyo, na pip ikiona toleo jipya halifai kwa Python ya mtumiaji inarudi yenyewe kuchukua la zamani. Kwenye C hakuna anayemrudisha mtumiaji nyuma kwa upole. Ujumbe wako wa kosa ndio unaofanya kazi hiyo, kwa hiyo uandike kwa uangalifu uleule unaoandikia fanksheni.

Badiliko lenyewe liwe dogo. Lipandishe kiwango kwenye nyaraka, kwenye faili la kujengea na kwenye majaribio ya kiotomatiki, basi. Usichanganye humo usafi wa msimbo, wala usianze siku hiyohiyo kubadilisha vitanzi vyote viwe vya kisasa. Sababu ni ya kiutendaji: akijitokeza mtu mwenye hoja nzito wiki mbili baada ya toleo, utaweza kulirudisha badiliko hilo peke yake. Ukishafuta makro mia moja na kuandika upya faili kumi, huna tena pa kurudi, na mjadala unageuka ugomvi.

Usafi ufuate baadaye, kidogo kidogo, na ufanywe na mtu anayesoma historia. Maelezo yanayosema "kwa ajili ya GCC 4.4" hayatoshi kuthibitisha kwamba kipande kile hakina kazi nyingine. Mara nyingi kitu kilichowekwa kwa ajili ya kompaila moja kimekuja kutegemewa na nyingine, hasa MSVC, bila mtu kuandika. Tumia git blame, soma sababu ya asili, ondoa kipande kimoja, yaache majaribio yapite kwenye mifumo yote, ndipo uende kingine. Ni kazi nzuri ya kumpa mchangiaji mpya, kwa kuwa inamfundisha mradi ulivyokua.

Kuhusu namba ya toleo, watu hubishana kama kupandisha kompaila kunastahili namba kubwa mpya. Mimi nasema hivi: kama unaweza, ifanye iwe kubwa, kama huwezi, iwe ya kati, lakini kwenye toleo la marekebisho madogo, lile linalobadilisha tarakimu ya mwisho tu, usiguse kabisa. Mtu anayechukua 2.4.7 badala ya 2.4.6 anatafuta kiraka cha usalama, na hastahili kukuta mlango umefungwa.

Tawi la zamani lipe tarehe. PostgreSQL ilibaki na C89 hadi toleo la 11, ikahamia C99 katika toleo la 12, Oktoba 2019. Kwa kuwa kila toleo kubwa hurekebishwa kwa miaka mitano, mwenye kompaila isiyojua C99 aliendelea kupata marekebisho ya toleo la 11 hadi Novemba 2023. Wewe huna nguvu za PostgreSQL, na hakuna anayekudai miaka mitano. Sema miezi sita, au mwaka, marekebisho ya usalama tu, kisha utimize. Tarehe fupi inayotimizwa ina thamani kuliko "tutaendelea kadiri itakavyowezekana".

PostgreSQL inatufundisha pia namna ya kuacha mlango wa kurudi. Februari 2024 watunzaji wake waliiondoa AIX, mfumo wa IBM, kutoka kwenye msimbo uliokuja kuwa toleo la 17. Maelezo yao hayakuwa na kejeli: watumiaji si wengi, kuna mbinu nyingi za kuzungukia kasoro za kompaila ya mfumo huo, na hakuna aliyejitokeza kuutunza ipasavyo, lakini matoleo yaliyokwisha kutoka yanaendelea kuhudumiwa. Baada ya hapo wahandisi wa IBM walijitokeza wakitaka AIX irudishwe, na mazungumzo yakawa juu ya kazi: nani atarekebisha, mashine gani itaendesha majaribio. Mradi ule una mtandao wa mashine za kujitolea zinazojenga msimbo mpya kila mara, na mfumo usio na mashine humo hauhesabiki kuwa unahudumiwa. Chukua sharti hilo uliweke kwako. Anayetaka kompaila yake ibaki alete mashine ya kuijaribu na jina la mtu atakayeitwa majaribio yakishindwa. Sharti hilo ni la haki, halimtukani mtu, na mara chache linakubaliwa; likikubaliwa, umempata mtunzaji mwenzako.

Utapokea barua za hasira hata ukifanya yote haya. Jibu kwa heshima na kwa habari: "Ndugu, pole kwa usumbufu. Tawi la 2.x litapata marekebisho ya usalama hadi tarehe iliyotajwa. Kwenye mfumo wako unaweza kupata GCC mpya kwa amri hizi. Ikiwa hilo haliwezekani, tafadhali tueleze unatumia mfumo gani na kwa nini, ili tuone kama kuna njia." Swali hilo la mwisho liulize ukiwa unataka jibu kweli. Baadhi ya wanaolalamika wako kwenye mashine ya maabara inayoendesha kifaa cha mamilioni, ambayo hawana ruhusa ya kuigusa. Wengine wako kwenye kampuni inayolipia huduma ya muda mrefu ya mfumo wa zamani, na hao waelekeze kwa wanayemlipa. Mtu anayejitolea jioni baada ya kazi hana deni la kuendeleza mkataba ambao hakuutia saini.

Na wewe ukiwa upande wa mtumiaji, usingoje siku ya kufungwa. curl huorodhesha katika faili la DEPRECATE vitu vinavyokusudiwa kuondolewa, ikimwomba mwenye wasiwasi aandike mapema aeleze kwa nini njia mbadala haimfai. Faili kama hilo lipo kwenye miradi mingi unayoitegemea. Lisome mara moja kila unaposasisha, na ukiona kompaila yako imetajwa, andika siku hiyohiyo, ukitaja mfumo, toleo na unachojenga.

Jambo la mwisho ni kanuni ya kudumu, ili mjadala huu usirudi upya kila baada ya miaka miwili. Iandike fupi kwenye README, mahali pa ule mstari wa zamani: tunahudumia kompaila zinazokuja na matoleo ya Debian, Ubuntu na RHEL ambayo bado yana huduma ya kawaida; kila kompaila tunayoitaja hujaribiwa kwenye kila badiliko; tunatoa onyo toleo moja kabla ya kuacha. Kisha fungua orodha ya majaribio yako ya kiotomatiki uhakikishe kwamba kompaila ya chini kabisa uliyoitaja imo humo kwa namba yake kamili, kwa sababu ukiandika tu "toleo jipya la Ubuntu", siku watoa huduma watakapobadilisha picha ya mfumo, kompaila hiyo itatoweka kwenye majaribio yako bila taarifa na README itabaki inasema uongo.